Mshale wa Njano Mkobani

Simu ilipigwa shuleni Jumanne asubuhi, na aliyepiga hakutaja jina. Hapa kwetu Tsuyama, mji mdogo wa Japani, wapigaji wa simu kama hizo hawataji majina. Wanataja makosa tu. Alisema kwamba jana yake, jua likiwa bado juu, alimwona msichana mwenye sare ya shule akitoka kwenye nyumba ya karaoke, ile ya kukodi vyumba vya kuimbia, karibu na stesheni, tena katika wiki ya kujiandaa na mitihani. Sura hakuiona sawasawa. Alichokiona ni mshale mdogo wa kitambaa cha njano uliokuwa ukining'inia kwenye mkoba wake. Akakata simu, akaenda zake kunywa chai, nadhani, na roho nyeupe kama mtu aliyezima moto.

Mishale ile ilikuwa na wenyewe. Wasichana wa klabu ya upinde waliishona wakati wa baridi, wakaitundika wote mikobani iwe baraka ya mashindano ya mkoa ya mwezi wa sita. Kwa hiyo shule haikuhitaji mpelelezi. Jioni hiyohiyo, ingawa klabu zote zilikuwa zimefungwa kupisha mitihani, Mwalimu Okazoe aliwaita wasichana wake kwenye ukumbi wa mishale. Wakapiga magoti kwenye sakafu ya mbao, wakakalia visigino, mikono mapajani.

Mwalimu Okazoe alikuwa mfupi, mwembamba, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ndiyo maana alitisha.

"Aliyekwenda huko anajijua," alisema. "Ana mpaka Ijumaa baada ya masomo. Akija kwangu mwenyewe, hatapiga yeye tu, wenzake watashindana. Asipokuja, nafuta jina la klabu. Hatakwenda mtu."

Wakainama, naye akainama, akatoka. Watu wengine husema samaki mmoja akioza wote wameoza, wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Sisi tumeifanya sheria ya shule.

Nagisa Ueki, msichana wa miaka kumi na sita, mwaka wa pili, alibaki amepiga magoti wenzake walipokwisha kusimama. Wakadhani miguu imemfa ganzi. Miguu ilikuwa mizima. Kilichokufa ganzi ni moyo, maana aliyetoka kwenye nyumba ile ya karaoke Jumatatu alikuwa yeye.

Na tuseme ukweli, alichokwenda kufanya humo ndani hakikuwa hata cha kumnogeshea mtu hadithi. Alikwenda kulala.

Nagisa alikuwa anatoka nyumbani na baiskeli yake kukiwa bado na umande, akifuata ukingo wa mto Yoshii, ili awahi mazoezi ya asubuhi. Kisha masomo. Kisha kufagia darasa na kupiga deki ngazi. Kisha upinde tena mpaka mabega yawake moto. Jioni mbili kwa wiki tuisheni ya hesabu, na jioni zilizobaki kazi za hiyo tuisheni. Jumapili ilikuwa ya mechi za kirafiki na shule za miji mingine. Usingizi aliuokoteza kama mtu anayeokoteza mchele uliomwagika: kidogo kwenye basi, kidogo somo la historia, kidogo ndani ya maji ya kuoga mpaka mama yake agonge mlango.

Shangazi zake walipomuuliza kila mwaka mpya, "Nagisa, ukiwa huna kazi unapenda kufanya nini?" alijibu, "Kusikiliza muziki." Ukisema unapenda kulala watu hukutazama vibaya. Starehe yake halisi ya katikati ya wiki ilikuwa moja: kusimama nje ya duka la kona na rafiki yake Yuzuki kabla ya tuisheni, baiskeli zikiwa bado katikati ya miguu, wanakula kuku wa kukaanga wa moto aliyetungwa kwenye vijiti huku wakiwasema walimu. Wakimaliza vijiti, basi, sherehe imekwisha.

Halafu ikaja wiki hii, klabu zimefungwa, na Jumatatu Nagisa akajikuta nje ya lango la shule na jua linamchoma usoni. Alishtuka. Hakukumbuka mara ya mwisho kuona kivuli chake barabarani siku ya shule. Mikono haikujua ishike nini. Nyumbani dawati lake liko sebuleni, na mama yake anashona nguo za wateja mezani palepale, masikio yamesimama. Ukifunga kitabu anasikia. Kwa hiyo baiskeli ikapita njia ya nyumbani, ikapita maktaba, ikaenda kusimama yenyewe karibu na stesheni. Kijana wa mapokezi akatazama kitambulisho cha mwanafunzi, akampa chumba kidogo cha mtu mmoja. Nagisa akazima sauti ya mashine, akavua viatu, akajikunja kwenye kochi.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Chumba cha pili mtu alikuwa akiimba bila muziki, au akipiga kelele, ananyamaza katikati ya neno, anaanza tena. Siku hizi kuna nyimbo za namna hiyo. Nagisa hakuwa na nguvu ya kusikiliza. Alipoamka shavu lilikuwa limechapwa alama za kochi na kinywa kimekauka kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kichwa chake kilikuwa chepesi. Akamwambia mama yake ametoka maktaba.

Sasa chukua usingizi ule, uweke upande mmoja, na upande wa pili uweke mashindano ya mkoa.

Timu ni watu watano wanaosimama mstari mmoja, kila mmoja na mishale yake minne. Wa mwisho mstarini alikuwa kapteni, Tamaki Hirose, msichana wa mwaka wa tatu, na kwa mwaka wa tatu mashindano haya ndiyo ya mwisho. Ukitoka hapo unavunja upinde moyoni, unaingia mitihani ya chuo kikuu. Nagisa alisimama mbele ya Tamaki, wa nne. Nyuma yao kulikuwa na mchezaji wa akiba mmoja tu, Yuzuki. Akiondoka mmoja, Yuzuki anaingia, timu imetimia. Wakiondoka wawili, nafasi inabaki wazi, na mishale ya nafasi iliyo wazi huhesabiwa imekosa shabaha.

Haya yote Nagisa aliyajua kama jina lake. Jumanne usiku hakugusa wali.

"Mbona huli?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi? Au umepata homa?"

Simu ya nyumbani ikalia. Nagisa aliruka mpaka supu ikamwagika. Alikuwa mteja tu, anauliza suruali yake.

"Ee, mwanangu!" mama akasema akifuta meza. "Mitihani hii itanifanya nikuzike mzima."

Jumatano alipata wazo la kuuondoa ule mshale mkobani. Aliushika, akaanza kufungua uzi, akaacha. Atakayeonekana hana mshale leo ndiye huyo. Akaufunga tena mafundo mawili. Njiani akawa anaitazama mikoba ya wenzake, kila mmoja na mshale wake wa njano unaruka-ruka, na akaona wote wanautazama wake.

Kumbe hawakuwa wakimtazama yeye. Walikwishampata mtu wao. Yuzuki alikuwa na ugonjwa wa kuimba: anaimba akifagia, anaimba akijaza upepo baiskeli, aliwahi kutolewa nje ya darasa kwa kuimba bila kujua. Isitoshe ni wa akiba, na wa akiba, watu walisema, hana cha kupoteza. Saa ya chakula, masanduku ya chakula yakiwa wazi mezani, Manatsu wa mwaka wa pili, mwenzao wa klabu, akaanza.

"Yuzuki, tuimbie kidogo basi. Au sauti imekauka tangu Jumatatu?"

"Jumatatu nilikuwa kwa daktari wa meno. Muulizeni mama."

"Ahaa, daktari wa meno! Alikupa na maiki?"

Wakacheka. Yuzuki naye akacheka, maana alizoea kutaniwa. Halafu akaona hakuna anayemtazama machoni, kicheko kikamfia mdomoni. Wakahamisha viti kidogokidogo, kila mmoja na kisingizio chake, mpaka meza ikabaki na Yuzuki na Nagisa. Na Nagisa, Mungu amsamehe, akakumbuka ana kitabu cha kurudisha maktaba.

Jioni simu yake ikatetemeka. Manatsu alikuwa ameunda kundi jipya la klabu kwenye simu, watu wote walewale isipokuwa mmoja. Amemwalika. Nagisa alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazimika, akakiwasha tena. Angekataa, wangeuliza kwa nini. Angekubali, amemzika rafiki yake.

Akabonyeza kukubali.

Alhamisi Yuzuki alimsubiri langoni. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa vizuri.

"Wameniondoa," alisema. "Najua kuna kundi jingine. Na wewe umo, sivyo?"

Nagisa akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Sikulaumu. Nami ningeogopa. Niambie tu, wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

Hakuna neno la kweli alilowahi kulisema likamchoma hivyo. Yuzuki akamshika mkono, akasema, "Basi inatosha," wakapanda ngazi pamoja, na kila ngazi Nagisa alisema moyoni, sasa, mwambie sasa. Walifika darasani hajasema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imeufunga mdomo.

Baada ya masomo alikwenda mpaka ofisi ya walimu. Aliona mlango, akaona kivuli cha Mwalimu Okazoe nyuma ya kioo cha ukungu, akageuka na kushuka haraka kama mtu aliyesahau maji jikoni. Kwenye banda la baiskeli akakutana uso kwa uso na Tamaki.

Tamaki hakuwa mtu wa maneno. Akipiga mshale ukaingia, uso haubadiliki; ukikosa, haubadiliki. Wadogo walimheshimu kiasi cha kumkwepa. Siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu, na Nagisa akajua, au alidhani anajua, kwamba ni kwa hasira juu ya mtu aliyewaharibia.

"Una wasiwasi," Tamaki alisema.

"Mitihani, dada."

"Mitihani haiui."

Akafungua kufuli la baiskeli. Nagisa, sijui ujasiri aliutoa wapi, akauliza, "Dada Tamaki, ukimjua huyo mtu, utamfanya nini?"

Tamaki aliuzungusha ufunguo mkononi.

"Sijui," akasema. "Labda nitamuuliza alikuwa anakimbia nini."

Akapanda, akaondoka. Mshale wa njano ulikuwa ukigongana na kengele ya baiskeli yake mpaka akakata kona.

Usiku ule Nagisa hakulala hata chembe, na kama kuna adhabu inayomfaa mtu aliyeiba usingizi, basi hiyo. Aliuona mwaka mzima mbele yake bila mtu wa kukaa naye mezani. Alimwona mama yake akiinama, anaomba radhi mlangoni mwa kila mzazi wa klabu. Alimwona Tamaki akiuweka upinde ndani ya mfuko wake wa kitambaa na kufunga kamba kwa mara ya mwisho bila kuwa amepiga. Hofu iligeuka kila upande na kila upande alikuwepo Yuzuki, na sanduku lake la chakula, peke yake mezani.

Ijumaa, masomo yalipokwisha, hakusubiri miguu ishauriane. Alikwenda moja kwa moja. Mbele ya ofisi ya walimu kwetu huingii hivihivi: unatua mkoba chini nje ya mlango, unagonga, unafungua, unasimama kizingitini na kutaja darasa lako, jina lako na mwalimu unayemtaka, kwa sauti ya kusikika na walimu wote. Akatua mkoba. Akaona mkoba mwingine umetuliwa pale chini, na mshale wa njano juu yake.

Yuzuki, alifikiri. Wamembana mpaka amekubali kosa lisilo lake. Akasukuma mlango.

"Mwaka wa pili, darasa la tatu, Nagisa Ueki. Nimekuja kwa Mwalimu..."

Sauti ikamkatikia hapo. Aliyekuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu Okazoe, kichwa ameinamisha, alikuwa Tamaki.

"Ni mimi, Mwalimu," Tamaki alikuwa akisema. "Ningekuja mapema. Niliogopa."

Nagisa akili yake ya kwanza ilimwambia: anambebea mtu kosa. Ya pili ikakumbuka chumba cha pili, ile sauti isiyokuwa na muziki, inayonyamaza katikati ya neno. Haukuwa wimbo.

Mwalimu Okazoe akainua macho. "Ueki. Unasemaje?"

Tamaki akageuka. Alimtazama Nagisa, akautazama uso wake uliopauka, na papo hapo akaelewa yote. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi ambacho mwalimu asingeona. Usiseme.

Na hesabu ilikuwa rahisi, mtoto wa chekechea angeifanya. Mkosaji amepatikana. Tamaki hapigi, Yuzuki amesafika na anaingia mstarini, timu ni watano. Nagisa akifunga mdomo, klabu imepona na yeye amepona. Akifungua, wanabaki wanne na nafasi moja wazi, na hakuna timu ya wanne iliyowahi kuvuka mkoa. Mara hii ukweli ndio ungewaumiza wenzake. Aliogopa kunyamaza, aliogopa kusema, aliogopa hata kuvuta pumzi. Walimu wengine walikuwa wameacha kalamu zao.

"Ueki?"

"Nilikuwemo na mimi," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Jumatatu. Chumba kingine. Hatukuwa pamoja."

Tamaki akafumba macho.

Mwalimu Okazoe alivua miwani, akaiweka mezani. Bila miwani alionekana ana mifuko mizito chini ya macho. Naye Jumapili zake zote alizimalizia kwenye ukumbi wa mishale.

"Mlikwenda kuimba?"

"Nilikwenda kulala," Nagisa alisema.

"Kulala?"

"Kulala tu, Mwalimu."

"Na wewe, Hirose?"

"Kulia," alisema Tamaki. "Nyumbani tuko wengi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaivaa tena miwani yake. "Nilishasema mbele ya wote," akasema polepole, kama anayejisemesha. "Nikirudi nyuma leo, kesho nitawaambia nini? Mtakwenda, lakini nyote wawili hamtapiga." Na kwa mara ya kwanza ndiye aliyeinama kwanza.

Yuzuki alipata habari kabla Nagisa hajafika langoni. Alikuwa amekalia baiskeli yake, mguu mmoja chini.

"Jana uliniambia unaniamini," alisema.

"Ndiyo."

"Bila shaka ungeniamini! Wewe ndiye uliyejua!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta. "Nitakusamehe, Nagisa. Lakini si leo, na usiniulize lini."

Siku ya mashindano, kule Okayama, mji mkuu wa mkoa, Yuzuki alisimama mahali pa Nagisa, na nyuma yake, mahali pa kapteni, palikuwa patupu. Hakuimba siku hiyo. Mshale wake wa kwanza uliingia, wasichana wakapaza sauti, na Nagisa alipaza yake mpaka ikakwaruza. Wengine nao walipiga vizuri. Haikutosha. Wakati wa nafasi ya mwisho ulipofika, ukumbi ulisubiri kidogo kama unamngoja mtu, kisha matokeo yakasomwa.

Kazi waliyopewa wale wawili ilikuwa kusafisha mishale. Walichuchumaa nyuma ya ukumbi na vitambaa, wakifuta mchanga uliogandia kwenye ncha. Tangu Ijumaa ile hawakuwa wamesemezana, na Nagisa alikuwa ameisubiri saa hii kwa hofu kubwa kuliko ile ya mlango wa walimu. Alijua atachukiwa. Alitaka tu kulisikia likisemwa, apumue.

"Dada," alisema, "ningenyamaza wangesimama watano."

"Ndiyo," Tamaki alisema. "Labda tungeshinda. Nilikutikisia kichwa, hukuona?"

"Niliona."

"Basi una kichwa kigumu."

Akafuta mshale mmoja, akachukua mwingine. Ukumbini watu wa timu nyingine walikuwa wakishangilia.

"Siku ile," Tamaki akasema bila kumtazama, "nilikwenda kule nikijiambia nikitoka naacha upinde, naacha shule, naacha kila kitu. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Nikanyamaza nipumue kidogo, ndipo nikasikia mtu nyuma ya ukuta anakoroma. Anakoroma! Kama pikipiki mbovu, inazimika, inawaka. Nikacheka mwenyewe mle ndani kama kichaa. Nikasema, kumbe kuna mtu humu amechoka kuliko mimi. Nikafuta uso, nikaenda nyumbani kula."

Nagisa akajifuta uso kwa kitambaa kilekile cha mishale.

"Wiki ile nzima nilikuwa nikitaka kujua ni nani," Tamaki alisema, "nimshukuru."

Akamsogezea kitambaa kikavu, maana kile cha Nagisa kilikuwa kimelowa.